Mgeni Apewe Jembe: Mwongozo wa Kuwa Mcheza Bharatanatyamu, na Siku Moja Mwalimu

Anza na mapaja. Kabla ya kununua sari, kabla ya kutafuta nauli ya kwenda Chennai, kabla hata ya kuwaambia wazazi, simama peku sakafuni. Kutanisha visigino, vidole vya mguu wa kulia vielekee kulia na vya kushoto vielekee kushoto, kisha shuka. Magoti yafunguke kwenda pembeni, yasiende mbele. Mgongo ubaki wima. Hapo ulipo, hujakaa wala hujasimama, panaitwa araimandi, na ndipo mcheza bharatanatyamu, ngoma ya kale ya India ya kusini, anapoishi. Mapaja yatatetemeka. Yakianza kutetemeka kazi ndiyo imeanza, kwa hiyo usinyanyuke. Fanya hivyo kila asubuhi kwa wiki kadhaa, na ikiwa bado unaitaka ngoma hii, mwongozo huu ni wako.

Huenda uliipenda kupitia sinema. Si jambo la kuficha. Pwani yetu imelelewa na sinema za Kihindi, na kuanzia Mombasa hadi Unguja wapo mabibi wanaoimba nyimbo za zamani neno kwa neno bila kuijua lugha yenyewe. Waheeda Rehman, Vyjayanthimala na Hema Malini wote walijifunza bharatanatyamu kabla ya kuwa nyota. Katika filamu ya Guide ya mwaka 1965, Waheeda ni Rosie, binti wa mwanamke wa hekaluni, aliyeolewa na mume asiyetaka kumwona akicheza. Itazame tena ukipata nafasi, maana kisa cha Rosie ni kisa cha ngoma yenyewe, na nitakirudia. Ila ujue kwamba ngoma ya sinema ni mchanganyiko wa mambo mengi. Ukimwendea mwalimu wa Chennai na kumwomba akufundishe ile ya kwenye mvua, atakupa chai na kukuaga kwa heshima.

Chagua ngoma moja. Sangeet Natak Akademi, taasisi ya taifa ya sanaa za jukwaani nchini India, inazitambua ngoma 8 kuwa za kale zenye kanuni: bharatanatyamu ya Tamil Nadu, kathaki ya kaskazini, kathakali na mohiniatamu za Kerala, kuchipudi, manipuri, odisi na satriya. Kila moja inatosha kuumaliza umri wa mtu. Naandika juu ya bharatanatyamu kwa sababu ndiyo iliyosambaa zaidi duniani, na kwa sababu historia yake ina jambo ambalo kila mgeni anapaswa kulijua kabla hajavaa njuga.

Ukiwa umelelewa kwenye ngoma za kwetu, utakwenda India na hazina na utakwenda na shida, na vyote viwili viko kiunoni. Hazina ni kwamba miguu yako inajua kusikiliza, na huogopi kuinama. Shida ni kwamba bharatanatyamu inataka kiuno kitulie. Kiuno kilichofundwa na kungwi unyagoni, kinachoijua chakacha, kitabidi kinyamaze huku miguu ikigonga mafungu ya saba ndani ya mzunguko wa mapigo nane. Usikidharau kwa sababu hiyo, na mtu mwingine asikudharaulie. Ulikotoka kulikuwa na walimu pia, na mwari aliyewahi kukaa mbele ya kungwi tayari anajua nusu ya adabu atakayotakiwa kuionyesha mbele ya guru, yaani mwalimu wa ngoma.

Sasa mtafute guru huyo. Mji wa kwenda ni Chennai, uliokuwa ukiitwa Madras. Unaweza kuomba nafasi Kalakshetra, chuo kilichoanzishwa mwaka 1936, ambako stashahada huchukua miaka minne. Unaweza pia kumfuata mwalimu mmoja nyumbani kwake, ufundishwe ukumbini au kwenye paa la nyumba kabla jua halijawa kali. Baraza la Uhusiano wa Kiutamaduni la India hutoa ufadhili kwa wanafunzi wa kigeni, wakiwemo wa Afrika, na pale Dar es Salaam lina Kituo cha Utamaduni cha Swami Vivekananda, kwa hiyo kaulize hapo kwanza. Omba viza ya mwanafunzi. Ikiwa ni ya zaidi ya siku 180, jiandikishe kwenye ofisi ya wageni ndani ya siku 14 baada ya kufika. Watu wazima na akili zao wamekatiza masomo kwa kudharau karatasi hiyo.

Siku njema ya kuanza masomo, kwa desturi ya huko, ni Vijayadashami, sikukuu inayoangukia Septemba au Oktoba. Utapeleka matunda, maua na ada. Utagusa miguu ya guru. Kisha utajifunza salamu inayofungua na kufunga kila kipindi, ambayo ndani yake unaigusa ardhi na kuiomba radhi kwa kuwa unakaribia kuikanyaga kwa nguvu. Ngoma inayoanza kwa kuiomba ardhi radhi inastahili mtu aache shughuli nyingine zote, na hapo ndipo wengi walipotekwa.

Baada ya hapo ni adavu, hatua za msingi. Guru atakaa chini na kipande cha gogo na fimbo, atagonga, atatamka silabi za mdundo, nawe utakanyaga: kulia, kushoto, kulia, kushoto, polepole, kisha mara mbili ya kasi hiyo, kisha mara mbili tena. Mwezi utapita. Utadhani wamekusahau. Hawajakusahau, wanasubiri unyayo wako wote ufike chini kwa wakati mmoja na utoe sauti moja. Mikono nayo itakuwa na darasa lake: ishara 28 za mkono mmoja kama zilivyoorodheshwa katika Abhinaya Darpana, kitabu cha kale cha Nandikeshvara, na nyingine za mikono miwili. Utazifanyia mazoezi kwenye basi, na abiria wa Chennai hawatashangaa.

Utii una mpaka wake, na liseme hili mapema kwa nafsi yako. Guru ana haki ya kukugombeza, kukurudisha nyuma, kukunyima wimbo mpya kwa miezi. Hana haki ya kukushika isivyofaa, wala kukufanya mtumishi wa nyumbani kwake, wala kukuambia kwamba ukihoji umeikosea mila. Akifanya hivyo, funga njuga zako kwenye kitambaa uondoke. Walimu wema wapo wengi.

Hatari ya mgeni, hata hivyo, mara nyingi si ukali. Ni sifa. Mgeni hupigiwa makofi kwa kufunga sari tu. Akipiga hatua tatu sawasawa, magazeti yanataka picha. Waandaaji wa maonyesho hupenda uso wa mbali kwenye bango, na zipo kumbi ambako mcheza ngoma hulipia nafasi ya kupanda jukwaani, kwa hiyo mwenye fedha za kigeni hukaribishwa haraka zaidi. Guru naye, kwa upole, anaweza kukusamehe kosa ambalo binti wa jirani yake angerudishwa mara hamsini alisahihishe. Hapa kumbuka walivyosema wazee wetu: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sifa ni siku mbili hizo. Omba jembe. Mwambie guru, kwa Kitamili chako kibovu, akusahihishe kama anavyowasahihisha wengine. Siku atakapokurudisha kwenye hatua ya kwanza mbele ya watoto wa miaka tisa, umeanza kuwa mtu wa nyumba.

Nyumba hiyo ni ya nani? Mgeni asiyelijua hili atafundisha uongo, hata kama mapaja yake ni ya chuma.

Kabla ya kuitwa bharatanatyamu, ngoma hii iliitwa sadiri. Waliicheza wanawake wa koo za devadasi, waliowekwa wakfu kwa mahekalu au kuhudumu katika mabaraza ya wafalme. Wao ndio waliosoma, kuimba na kucheza wakati wanawake wengi wa India hawakupewa nafasi ya lolote kati ya hayo. Walimu wao walikuwa wanaume wa koo hizohizo, wapiga matoazi walioongoza mdundo. Ndugu wanne wa Thanjavur, Chinnayya, Ponnayya, Sivanandam na Vadivelu, ndio waliopanga mwanzoni mwa karne ya 19 utaratibu wa onyesho unaofuatwa hadi leo, kuanzia alaripu ya kufungulia hadi tilana ya kufungia. Pazia likifunguliwa Nairobi, Paris au Toronto, mpangilio wa jioni ile ni wao.

Kisha yakaja mageuzi. Wakoloni, wamisionari na wasomi wa Kihindi waliwaona wanawake hawa kuwa aibu. Muthulakshmi Reddy, daktari na mbunge ambaye mama yake mwenyewe alitoka katika jamii hiyo, alipigania kukomeshwa kwa desturi ya kuwaweka wakfu wasichana, na alikuwa na sababu nzito, kwani wapo waliodhulumiwa kweli. Sheria ilipitishwa Madras mwaka 1947. Lakini ngoma haikufa pamoja na desturi. Ilihama. Katika miaka ya 1930 ilikuwa imeshaanza kupewa jina jipya na kuchezwa na mabinti wa tabaka la juu ambao mama zao wasingethubutu kuikaribia. Rukmini Devi Arundale, Mbramini aliyeolewa na Mwingereza, alitiwa moyo na Anna Pavlova, mcheza baleti wa Urusi, akajifunza kwa Meenakshisundaram Pillai wa Pandanallur, akacheza hadharani huko Adyar, Madras, mwaka 1935, na mwaka uliofuata akaanzisha Kalakshetra. Alibuni mavazi mapya, akapanga jukwaa upya, na kuzipunguza nyimbo za mapenzi ya mwili.

Nampa Rukmini Devi heshima yake, maana bila chuo chake wengi tusingeiona ngoma hii. Lakini yeye pia aliingia nyumba isiyokuwa yake. Alikuwa mgeni wa tabaka kama wewe ulivyo mgeni wa nchi, na tofauti ni kwamba ugeni wake ulisahauliwa haraka na wenyeji wakageuzwa wageni. Mylapore Gowri Ammal, mcheza ngoma wa hekalu la Kapaleeshwarar, alimfundisha Rukmini Devi, akamfundisha Balasaraswati, akawafundisha na wageni, kisha akazeeka katika ufukara. Wakati huo ngoma ilikuwa kwenye kumbi zenye viti vya velveti. Rosie wa kwenye filamu anawakilisha hilo: binti aliyepewa heshima kwa sharti la kuacha kile mama yake alichokijua kuliko wote.

Balasaraswati hakukubali sharti hilo. Alizaliwa mwaka 1918 katika ukoo huo, bibi yake akiwa Vina Dhanammal, mpigaji maarufu wa vina, ala ya nyuzi, na guru wake Kandappa Pillai akiwa mzao wa wale ndugu wa Thanjavur. Alicheza akiimba mwenyewe. Alisema waziwazi kwamba shringara, hisia ya mapenzi, ndiyo moyo wa ngoma hii na kwamba haihitaji kusafishwa na mtu. Baadaye alifundisha Marekani, katika Chuo Kikuu cha Wesleyan, na Satyajit Ray akatengeneza filamu juu yake mwaka 1976. Leo wapo wazao wa koo hizo, kama Nrithya Pillai, wanaocheza na kuandika wakidai watambuliwe. Wasikilize kabla hujawasikiliza wanaowajibu.

Historia hii inakupa wewe mgeni mambo mawili kwa pamoja. Inakupa ruhusa, kwa sababu hakuna anayeweza kudai kwamba ngoma hii haikuwahi kupita mikononi mwa watu wa nje. Na inakupa deni, ambalo utalilipa kila unapofungua mdomo kueleza ngoma hii ilitoka wapi.

Usijibadilishe kabila. Esther Sherman, mzaliwa wa Michigan mwaka 1893, alijiita Ragini Devi na kuuambia umma wa Marekani kwamba ametoka Kashmir. Baadaye alikwenda India kweli, akajifunza kwa Gowri Ammal, akazunguka majukwaa na Gopinath, mcheza kathakali, na kumlea binti, Indrani Rahman, ambaye aliitambulisha odisi kwa ulimwengu. Alikuwa na kipaji na ujasiri, na ule uongo wa Kashmir haukumwongezea hata hatua moja. Jina la jukwaani unaweza kulichukua ukipewa. Mahali ulipozaliwa paache palipo.

Waliofika mbali ni waliobaki walivyo na wakalima. Ileana Citaristi alitoka Bergamo, Italia, kwenye michezo ya kuigiza ya majaribio. Mwaka 1979 alifika Odisha kwa guru Kelucharan Mohapatra, akajifunza odisi na lugha ya pale, akaongeza ngoma ya chau ya Mayurbhanj, akafanya makao Bhubaneswar na kuandika wasifu wa guru wake. Serikali ya India ilimtunuku nishani ya Padma Shri mwaka 2006. Devayani, Mfaransa wa bharatanatyamu, aliipata mwaka 2009. Milena Salvini alikwenda Kerala miaka ya 1960 kujifunza kathakali, akafungua kituo cha Mandapa mjini Paris mwaka 1975, na kwa miongo mingi akawa ndiye anayewaleta mafundi wa Kerala Ulaya wacheze wenyewe. Hilo la mwisho ndilo ninalomheshimia zaidi.

Pamoja na hayo, milango mingine haitafunguka. Hekalu la Jagannath la Puri, ambalo ngoma ya odisi imelizunguka kwa karne nyingi, haliwaruhusu wasio Wahindu kuingia. Mwaka 2022, Mansiya, mcheza bharatanatyamu wa Kerala aliyezaliwa katika familia ya Kiislamu, aliondolewa kwenye ratiba ya tamasha la hekalu la Koodalmanikyam kwa sababu ya dini. Yeye ni mwenyeji, ana shahada za ngoma hiyo, na bado. Kwa hiyo ukiwa Mwislamu au Mkristo wa kwetu, amua mapema utafanya nini mbele ya sanamu ya Nataraja, yaani Shiva akicheza, jukwaani, na nyimbo zinazomsifu Shiva au Krishna utaziimba kwa nia gani. Zungumza na guru, zungumza na kiongozi wako wa dini ukitaka. Usisubiri pazia lifunguliwe ndipo dhamiri ianze kukuuliza maswali.

Mapambo yatakuwa rahisi kwako. Mikono na nyayo hupakwa rangi nyekundu ya alta, na aliyewahi kupakwa hina siku ya harusi hatahitaji kufundwa namna ya kukaa bila kugusa kitu. Wanja upo. Asumini ipo. Msuko mrefu wa bandia unaoshuka mgongoni umewatesa wageni wengi, lakini msusi wa Kariakoo ataushonea kichwani mwako usitikisike hata kwa tilana ya kasi ya tatu. Jambo moja tu: wapo wapambaji wanaopaka uso podari nyeupe kuliko ngozi. Kataa. Nunua podari ya rangi yako uende nayo. Macho yanasomeka vizuri sana kwenye uso mweusi, na kazi ya macho ni nusu ya ngoma hii.

Arangetramu, onyesho la kwanza la peke yako, litakuja guru akisema limefika. Ni saa mbili au zaidi, na katikati yake kuna varnamu, kipande kinachoweza kuchukua dakika arobaini na kuitaka miguu yako, uso wako na pumzi yako yote. Gharama za ukumbi, wanamuziki na mavazi ni kubwa, na familia zimeingia madeni kwa ajili yake. Fanya dogo lililokamilika. Ukumbi wa shule unatosha. Wanamuziki wa kweli hawana mbadala.

Kupanda jukwaani hakukufanyi mwalimu. Mwalimu lazima aweze kuongoza kwa matoazi: kuyapiga, kutamka silabi na kuiona miguu ya mwanafunzi, yote kwa mkupuo mmoja. Jifunze hilo kwa miaka yake. Jifunze kuimba muziki wa Karnatiki, ule wa kale wa India ya kusini, angalau kiasi cha kumshikia mwanafunzi wimbo. Jifunze Kitamili, na Kitelugu cha kutosha kuelewa nyimbo za Kshetrayya wa karne ya 17, ambamo mwanamke anamkaripia mungu aliyerudi usiku akinukia manukato ya mwanamke mwingine. Usizikate nyimbo hizo kwa aibu. Wafundishe wanafunzi waliokomaa, na ueleze zilitungwa kwa ajili ya akina nani. Msikilizaji wa taarabu hatahitaji maelezo marefu.

Kisha mwombe guru ruhusa ya kufundisha. Akikunyima, uliza umekosa nini ukakitafute. Akikukubalia, rudi nyumbani ukodishe chumba chenye sakafu isiyoumiza magoti, wala si zege tupu. Katika Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa utakuta familia za Kihindi ambazo mabinti wao wanajifunza ngoma hii tangu utotoni, na baadhi ya wazazi watakutazama mara mbili. Wakaribishe watazame darasa zima. Watoto wa Kiswahili nao waje, na ada iwe moja kwa wote. Usimpandishe mtoto yeyote daraja kwa sababu mzazi amelipa kwa mwaka. Usimpe njuga kabla unyayo haujatoa sauti moja. Muhula wa kwanza usiishe kabla hawajalisikia jina la Gowri Ammal, wala hawajajua sadiri ilikuwa nini.

Na mwanafunzi wako wa kwanza atakapofika kwenye arangetramu, kaa chini na kadi ya mwaliko mwenyewe, usimwachie mchapaji. Andika jina la mwanafunzi, jina lako, jina la guru wako, jina la aliyemfundisha guru wako, na uendelee kurudi nyuma kadiri unavyoyajua. Mwandike mwimbaji. Mwandike mpiga ngoma ya mridangamu. Walipwe wote kabla mgeni rasmi hajaanza hotuba yake.